Pacha Hadanganyi

Siku Pazi aliposema kwamba Jumatatu atang'oa chanzo chake, kitu cha kwanza Mihayo alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Aibu ilikuja baadaye, ikihema, kama mtu aliyechelewa kikao.

Walikuwa wanane mezani, katika ofisi za Kichuguu, kampuni yao ya michezo ya simu, Morogoro mjini, dirisha likitazama Uluguru na ukungu wake wa asubuhi. Ilikuwa saa ya utani. Pale Kichuguu hakuna aliyegusa kazi kabla ya saa hiyo. Kila siku saa mbili walikaa, wakaufungua mchezo jinsi ulivyoachwa jana, wakaucheza, na kila mmoja akamwaga kasoro za mwenzake kwa utani. Desturi hiyo ilianzishwa na Mihayo na Pazi miaka kumi na moja nyuma, walipokuwa wawili tu na kompyuta ya kuazima. Mihayo Mnyamwezi wa Urambo, Pazi Mzaramo wa Kisarawe, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakwambia ukweli wote wa dunia na wewe huna ruhusa ya kununa. Kasoro nyingi za mchezo zilitibiwa kwa dawa hiyo.

Lakini Pazi alikuwa hajatania wiki tatu. Asubuhi hiyo alisimama, akambandua kupe, kifaa chake cha kazi, nyuma ya sikio lake, akamweka mezani mbele ya Edna Mlowe, mkurugenzi wao.

"Sheria inaniruhusu kung'oa chanzo changu," alisema. "Jumatatu nakuja kung'oa. Sitaki watu waendelee kulishwa sumu iliyomo moyoni mwangu."

Edna, mama wa Njombe asiyejua kupaza sauti, alimwuliza kama anaelewa maana ya neno lake. Pazi alielewa. Chanzo kiking'olewa hakirudi, na bila Pacha Pazi, mchekeshaji wa mchezo aliyetokana na chanzo hicho, Kichuguu isingefika mvua za vuli. Wote waligeuka kumtazama Mihayo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ulimi wa kumfikia Pazi. Mihayo alitazama milima.

*

Mchezo wenyewe unaitwa Kijiwe. Unafungua kijiwe chako cha kahawa mahali popote upendapo, unaamua kesi za mtaa, unagombea wateja na kijiwe cha jirani, na pembeni yako anakaa pacha anayekutania kutwa nzima. Utani wa pacha haukuandikwa na mtu. Unakua wenyewe, kutoka kwa binadamu aliye hai, ambaye ndiye chanzo chake.

Kazi ya kuukusanya ni ya kupe, kidude kidogo kinachong'ang'ania nyuma ya sikio. Kupe hasikilizi maneno tu. Anapima kilichotangulia neno: mapigo ya moyo, joto la shavu, ile nusu ya sekunde ambayo mtu husita kabla hajacheka. Maneno mtu anaweza kuyapanga, nusu sekunde ile haipangiki. Mihayo ndiye aliyeligundua hilo, peke yake, katika chumba cha kupanga kule Kihonda, na ndiye aliyeandika maneno mawili yaliyokaa juu ya kila tangazo la mchezo: Pacha hadanganyi.

Mchezo ulitoka na mapacha wawili, mmoja wa Mihayo na mmoja wa Pazi. Wiki ya kwanza waligawana wachezaji nusu kwa nusu. Mwezi wa tatu, kati ya kila wachezaji ishirini, kumi na tisa walikaa na Pacha Pazi. Edna alijitahidi kumpigia debe yule mwingine. Alimvika koti jipya, akamtoa bure sikukuu, akamweka wa kwanza kwenye orodha. Wapi! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezaji mmoja wa Lusaka aliandika kwamba Pacha Mihayo ana akili nyingi, lakini ukikaa naye unajiona kama unasahihishiwa mtihani.

Maneno hayo Mihayo aliyajua kwa moyo, pamoja na tarehe yake.

Na Kichuguu ikanona. Kutoka ghorofa moja wakachukua ya pili, na ya tatu. Watu walipiga simu kutoka Lagos na Jakarta, wote wakimtaka Pazi. Pazi alijibu kila simu, na kwa kila aliyempongeza alisema kwamba mashine ni ya mtumwa wake Mihayo, yeye ni mdomo tu. Watani wa makabila hayo wanaitana watumwa, ni heshima yao. Mihayo alitabasamu kila mara, kisha akaenda chooni kunawa uso. Alimwonea Pazi wivu kwa kila kitu: sauti yake, kicheko chake kilichoanzia tumboni, hata jinsi mama ntilie wa chini ya jengo alivyomwekea kipande kikubwa cha samaki bila kuombwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia. Hakuna aliyeweza.

Mambo yaliharibika alipokwenda Urambo kumsalimia mama yake. Alimkuta bibi huyo amekaa kibarazani na simu yake, anacheka mpaka machozi, na anayemchekesha ni Pacha Pazi. Mihayo alimwuliza, kwa utani ambao haukuwa utani, kwa nini asikae na mwanawe wa kumzaa.

"Huyu anajua kunichekesha," mama alisema. "Wako kazi kuniuliza kama nimemeza dawa."

Kila Alhamisi Mihayo ndiye aliyewalisha mapacha. Alichukua alichokusanya kupe wa Pazi wiki nzima akakimimina kwenye hodhi la Pazi, yaani ghala la kompyuta anamokulia pacha, na cha kwake kwenye la kwake. Alhamisi iliyofuata aliporudi kutoka Urambo, alichota kidogo cha kwake akakitia kwa Pazi. Alijiambia ni majaribio tu. Jumamosi akampigia mama yake simu, akamkuta anasimulia kichekesho kipya cha Pacha Pazi kuhusu jogoo na mwenyekiti wa kijiji, na kichekesho kile kilikuwa cha Mihayo mwenyewe, neno kwa neno. Mama alikuwa amecheka kwa ajili yake. Furaha aliyoipata siku ile hakuwahi kuipata hata mchezo ulipopewa tuzo. Kisha mama akamalizia kwa kumsifu mtoto wa Kizaramo, na kijicho kikamshika upya, kikali kuliko cha mwanzo.

Alhamisi iliyofuata akachota zaidi, na iliyofuata zaidi tena, hadi miezi saba ikapita. Mjinga huyu, na tumwite hivyo maana ndivyo alivyokuwa, alisahau ugunduzi wake mwenyewe. Kupe habebi maneno tu. Ndani ya kila kichekesho chake ilikuwemo ile nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde ilikuwemo roho ya korosho.

Malalamiko yakaanza kuingia. Muuguzi mmoja wa Kigoma aliandika kwamba kwa miaka miwili Pacha Pazi alikuwa kipumziko chake akitoka zamu, na sasa amemwambia kwamba watu wanampenda kwa sababu hawajakaa naye mpaka mwisho wa mwezi. Aliandika kuwa hakujua kwa nini alilia, maana maneno yale ni ya kuchekesha. Wengi waliandika hivyohivyo: maneno yanachekesha, lakini yanaacha mwiba. Wachezaji wakaanza kuondoka. Kichuguu ikarudisha ghorofa ya tatu. Mama yake Mihayo naye akaacha kucheza, na alipoulizwa akasema kwamba yule mtoto kabadilika, siku hizi ana kinyongo.

Pazi akaanza kula chakula cha mchana peke yake, akimsikiliza pacha wake. Siku moja alikuja mezani kwa Mihayo, akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Mtumwa wangu," aliuliza, "mimi nina kinyongo?"

Hapo ndipo Mihayo angeweza kuyamaliza yote. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Badala yake aliendelea kutazama kioo cha kompyuta, akajibu kwa sauti ya kitaalamu: "Pacha hadanganyi, Pazi."

Tangu siku ile Pazi hakutania tena mtu yeyote.

*

Ijumaa, siku moja baada ya Pazi kumbandua kupe wake, ikaja habari kwamba mama yake, Bi Mwantumu, amefariki alfajiri, na mazishi ni kesho yake saa nne, Kisarawe. Edna alimwambia Mihayo atangulie. Yeye ni mtani, na msiba wa Mzaramo bila Mnyamwezi wa kuuvuruga haujatimia. Amfariji, kisha amwombe asing'oe.

Kabla ya kuondoka, Mihayo alijifungia kwenye chumba cha mahodhi. Akaondoa kila tone la kwake lililokuwa kwa Pazi, miezi saba yote, akaliacha hodhi likiwa safi kama lilivyokuwa. Ilimchukua dakika arobaini. Alijiambia kwamba anatubu. Ukweli ni kwamba alikuwa anafuta nyayo. Pacha angepona, wachezaji wangerudi, Pazi angeghairi, na hakuna ambaye angejua. Kilikuwa kitendo chema, na kilimfaa sana mtendaji.

Alifika msibani akipiga kelele, kama ipasavyo. Aliuliza kwa nini Wazaramo wanalia bila kupika. Akanyakua mnofu kwenye sufuria ya wenyewe, akajifunga kanga ya marehemu kiunoni, akaigiza mwendo wa marehemu wa kuchechemea hadi mabinti wa Bi Mwantumu wakacheka na machozi mashavuni. Hata hapo, kanga ikiwa kiunoni, macho yake yalikuwa yakihesabu watu. Walijaa uani na kumwagika mpaka barabarani. Alijiuliza akifiwa yeye watakuja wangapi, akaona wivu wa msiba. Sijui kama kuna wivu wa chini kuliko huo.

Makaburini, jeneza likiwa bado mabegani mwa watu, Mihayo aliruka ndani ya kaburi akajilaza. Ndiyo mila. Akatangaza kwamba marehemu alimwahidi jogoo na hatoki mpaka apewe. Wanaume wakacheka, wakamtupia sarafu, wakambembeleza. Mjomba wa Pazi, mzee Mwinyimvua, akainama kumpa mkono.

Chini pale udongo ulikuwa na ubaridi. Aliona mstatili wa mbingu, nyuso zikiwa zimeuzunguka, na kati yake uso wa Pazi, umekonda, ukijaribu kutabasamu kwa ajili yake.

"Sitoki," alisema. "Kwanza mnisikie, nyie Wazaramo. Yule pacha mwenye kinyongo si Pazi. Ni mimi. Miezi saba namwaga roho yangu kwenye hodhi lake, kwa kijicho, kwa sababu mama yangu mzazi alimpenda yeye kuliko mimi."

Makaburi yakaangua kicheko. Walicheka wakishikana mabega. Mzee Mwinyimvua alitikisa kichwa, akasema Mnyamwezi huyu uongo wake ni wa kusomea, akamtupia noti. Na Pazi alicheka kuliko wote, kicheko kile cha zamani cha kutoka tumboni, akajifuta macho kwa ncha ya shati, akamshika mtani wake mkono na kumvuta juu.

Mama akazikwa. Mihayo alisimama pembeni na udongo mgongoni na noti kiganjani. Alikuwa amesema kila neno, na hakuna aliyelisikia hata moja. Msimhurumie upesi. Mtu aliyekulia kwenye utani anajua vizuri kwamba la kaburini halishikwi, na huenda ndiyo sababu alilichagua kaburi.

*

Jumapili asubuhi walikaa kwenye mkeka uani, wawili tu, na chai na mihogo ya kuchemsha. Wageni wengi walikuwa bado hawajaamka. Edna alikuwa amepiga simu. Jambo limetokea ambalo hawezi kulieleza: tangu Ijumaa Pacha Pazi amerudi kuwa yule wa zamani, wachezaji wanaitana, na muuguzi wa Kigoma ameandika tena, safari hii kushukuru. Alimsihi Pazi asing'oe. Pazi alizima simu akaiweka mapajani.

"Unajua ninavyoamini?" alisema. "Mama kaondoka nacho. Kinyongo kile. Alinijua ndani, yule mwanamke. Kaona kinaniua, kakichukua kaenda nacho."

Mihayo alimenya muhogo mwingine.

Binti wa Pazi, Mwanahawa, mwenye miaka saba, akaja na chupa ya chai. Jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka. Zamani Pazi angemwuliza jino ameliuza kwa nani na kwa nini hajagawa faida. Sasa alipokea chupa kwa mikono miwili, akasema ahsante mwanangu, kama anavyoshukuru karani dirishani. Mtoto alisubiri kidogo. Alipoona hakuna kinachokuja, akaenda zake.

Pazi alimtazama mpaka akapotea nyuma ya nyumba. Alisema huenda asing'oe kesho, kwa ajili ya wenzake na kazi zao. Lakini yeye mwenyewe utani ameuacha. Sasa anajua ndani yake mna nini, mashine imemwonyesha, na kilichoondoka kinaweza kurudi. Kumtania mtoto yule hathubutu, asije akamwachia mwiba ambao hata hataujua.

Mihayo aliweka kikombe chini. Njia ya kukaa kimya ilikuwa imenyooka mbele yake. Kila mtu angefaidika. Pazi angebaki na faraja yake kwamba mama alimtua mzigo, Edna angebaki na kampuni, na yeye angebaki na rafiki. Hasara yote ingebebwa na mtoto mwenye pengo, na yeye asingejua anachodai.

"Pazi," alisema, "hapa sikutanii."

Pazi alianza kucheka. Akanyanyua mkono kumzuia, akasema jogoo ameshalipwa, inatosha.

"Sikutanii. Nililosema kaburini ni kweli. Neno kwa neno."

"Acha, Mihayo."

"Maneno ya muuguzi wa Kigoma, kwamba watu wanakupenda kwa sababu hawajakaa nawe mpaka mwisho wa mwezi. Nilikwambia wewe, saa ya utani, siku uliyokuja umelowa kwa mvua. Yalikuwa yangu. Wewe hujawahi kuyasema popote."

Kicheko kilibaki usoni mwa Pazi muda kidogo baada ya kwisha. Alikuwa anakumbuka.

"Nilicheka siku ile," alisema.

"Ulicheka. Mimi sikuwa nacheka."

Basi akamweleza yote, tangu kibaraza cha Urambo hadi dakika arobaini za Ijumaa. Alieleza vibaya, akirudia rudia, na mara mbili alijikuta anajitetea akajikata mwenyewe. Kuku walipita kati yao wakidonoa maganda ya mihogo. Mihayo alipomaliza, Pazi alikunja ukingo wa mkeka, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nilikuja mezani kwako," alisema. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na mama kafa akijua mwanawe ana roho mbaya. Nilimwambia mwenyewe. Nilimwomba aniombee."

Hilo Mihayo alikuwa halijui.

Pazi alisimama, akajipangusa kanzu. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana wiki zile tatu.

"Kesho sing'oi kitu," alisema. "Cha kung'oa si changu."

Kisha akaita ndani kwa dada yake, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mgeni wao anaondoka, wamfungie chakula cha njiani. Mihayo alisikia neno hilo likimpita mbavuni. Miaka kumi na moja alikuwa ameingia nyumba hii na kujipakulia mwenyewe sufuriani, akiitwa mwizi, mlafi, mtumwa aliyetoroka mizigo. Mgeni hakuwahi kuitwa.

"Asante kwa kuniambia, ndugu Mihayo," Pazi alisema, akampa mkono. Aliushika kwa adabu, mara moja, akauachia.

Dada alileta chakula kwenye kontena, kimefunikwa vizuri, na kipande kikubwa cha samaki juu. Mihayo alikipokea kwa mikono miwili. Alitembea kuelekea barabarani, na alipofika kwenye ua wa michongoma akasikia sauti ya Pazi nyuma ya nyumba, ikitetemeka kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika.

"Wewe kibogoyo. Hilo jino umemuuzia nani, na mgao wangu uko wapi?"

Mtoto akacheka. Mihayo alisimama kwenye michongoma, kontena likimuunguza viganja, akamwonea mtoto wivu.